Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Tamasha la Juni na Maandalizi Yake

Ndugu wanachama, wazee wetu wa ngoma, wachoraji na vijana wa singeli,

Tamasha letu la wazi tunaliweka mwezi Juni kwa sababu masika yameshapita na jua limepungua ukali. Mengi yanayoliharibu hayatokei jukwaani. Ndiyo maana taarifa hii inakaa zaidi kwenye umeme na upepo, kwani hivyo ndivyo vinavyoamua kama msanii atasikika.

Jenereta ya kVA 30 hutoa takriban kilowati 24, na si busara kuibebesha zaidi ya 19 kwa muda mrefu. Kwa jukwaa la kati inatosha. Tatizo huwa waya. Ukivuta waya wa milimita 2.5 za mraba umbali wa mita 100, mzigo wa ampea 16 hupoteza karibu volti 24 njiani. Jukwaani zinafika 206 badala ya 230. Besi ya singeli ikipiga zinashuka zaidi, amplifaya inajizima, na lawama zinamwangukia DJ asiyehusika. Waya wa milimita 6 za mraba hupoteza volti 10 tu. Bei yake ni kubwa, lakini kamati inataka ununuliwe kabla ya pambo lolote. Taa nazo zipewe fezi yake (mkondo wake wa umeme kutoka kwenye jenereta), na sauti ipewe yake. Zikichangia, dima za taa (vifaa vya kuongeza na kupunguza mwanga) huingiza mvumo kwenye spika, na taarabu ndiyo inayoumia zaidi, kwa kuwa maiki za waimbaji na za fidla huongezwa sauti sana.

Juni upepo wa kusi umeshakolea. Upepo wa mita 10 kwa sekunde husukuma bango la mita 3 kwa 4 kwa nguvu inayozidi kilo 70, sawa na mtu mzima aliyening'inia kwenye nguzo. Kulitoboa vitundu husaidia kidogo mno. Litumike bango la wavu. Jukwaa liupe upepo mgongo, la sivyo turubai la juu litainuka na maiki zitavuma tangu wimbo wa kwanza.

Wanaopendekeza ufuko wa Coco Beach, Dar es Salaam, waangalie mwezi kwanza. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa karibu saa kumi jioni, saa ileile watu wanapomiminika, na mchanga unabaki ukanda mwembamba. Tuchague siku za maji mafu, bahari inapojaa kidogo.

Unyevu wa bahari hulegeza ngozi za ngoma, hasa jua likishazama, yaani baada ya saa kumi na mbili na robo. Kila kikundi kiwe na mtu wa moto, awe na makuti makavu, na azungushe ngoma mbali kidogo na ndimi za moto, akiigonga mpaka sauti ikaze. Ngozi iliyoungua ukingoni hupasuka katikati ya mchezo. Sehemu ya moto ipangwe mapema, upande ambao upepo hautapeleka cheche kwenye turubai.

Wachoraji wa Tingatinga wasilete kazi mbichi. Rangi ya mafuta hukauka juu huku chini ikiwa bado laini, na mbao zikilaliana kwenye gari zinagandana. Papi nyembamba (vipande vyembamba vya mbao) kati ya ubao na ubao zinatosha.

Vibali vianzie serikali ya mtaa, kisha Afisa Utamaduni wa manispaa na BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa. Polisi wapewe taarifa ya maandishi angalau saa 48 kabla, na kama kuna msafara, njia yake ionyeshwe barabara kwa barabara. Muziki uliorekodiwa unahitaji leseni ya hakimiliki. Mafundi mitambo nao waagizwe mapema, kwa maana maonyesho ya biashara ya Sabasaba yakianza mwishoni mwa Juni spika nzuri zote zinaelekea Barabara ya Kilwa.

Kamati inaomba mkutano upitishe mambo mawili: waya mpya ununuliwe, na kila msanii alipwe nusu kabla ya kupanda jukwaani, nusu nyingine usiku uleule. Fedha zisipotosha, tupunguze ukubwa wa jukwaa. Malipo ya wasanii yasiguswe.