Thamani naiona, lakini nitaithibitishaje?

Ndugu mshauri,

Naomba unisaidie katika jambo linaloweza kuonekana la vitabuni tu, lakini limeshaingia hadi kazini kwangu na linanikosesha usingizi.

Mimi ni msimamizi. Kila mwaka hujaza fomu za tathmini ya wafanyakazi: kazi walizokamilisha, siku walizochelewa, malalamiko ya wateja. Kwa muda mrefu niliamini kwamba hayo ndiyo mambo yalivyo hasa, na kwamba wema au uungwana ni rangi tu tunayoipaka sisi kwa hisia zetu. Baadaye nilikuja kujua kwamba fikra hiyo ina wazee wake. David Hume, Mskoti wa karne ya 18, alikwisha kuonya kuwa mtu hawezi kuanza na yaliyopo akaibuka na yanayopasa kuwepo bila kueleza amevukaje.

Kisha nikaanza kusoma falsafa ya thamani, yaani ya ubora tunaouona katika watu na vitu, hasa ya Max Scheler, Mjerumani aliyefariki mwaka 1928. Yeye hufundisha kwamba thamani ndiyo inayotufikia kwanza. Unakutana na mtu, na kabla hujaweza kutaja sifa yake hata moja umeshahisi kama ni wa kuaminika au ni wa kukaa naye mbali. Kwake hisia hiyo ni njia ya kujua, kama jicho lilivyo njia ya kujua rangi. Tena thamani zina ngazi: chini kabisa ni raha na karaha, juu yake uhai na afya, kisha haki, uzuri na ujuzi wa kweli, na kileleni utakatifu. Ya juu haikatiki vipande. Kitambaa ukikigawa katikati, kila upande unabaki na karibu nusu ya thamani yake. Mchoro wa msanii ukiugawa hivyo, umeuharibu.

Tangu hapo siioni ofisi kama nilivyokuwa nikiiona. Kuna mfanyakazi mmoja ambaye takwimu zake ni za chini kila mara. Lakini wageni wote kazini hujifunza kwake, na ugomvi ukizuka, akifika yeye watu huanza kusikilizana. Naliona hilo waziwazi kuliko ninavyoziona zile tarakimu. Mkuu wangu, ambaye si mtu mbaya hata kidogo, ananiambia: "Tunapima kilichofanyika, si unachokihisi wewe." Nakosa la kumjibu. Je, mtu atakatwaje vipande ili aingie kwenye visanduku vya fomu?

Kinachonitatiza zaidi ni hoja ya mwanafalsafa mwingine, Nicolai Hartmann. Anasema thamani za juu ndizo dhaifu, na za chini ndizo zenye nguvu: kukiuka ya chini ni kosa zito zaidi, ingawa kuitimiza ya juu ndiko kunakostahili sifa kubwa zaidi. Kwa hiyo mteja aliyengoja kazi yake isiyokamilika ana dai halisi, na siwezi kulifuta kwa kusema mwenzetu ana roho nzuri. Fomu ile ninayoilaumu huenda inalinda kitu cha msingi. Hapo ndipo ninapokwama.

Sitaki kurudi kuona kama zamani, maana naamini sasa naona zaidi. Ila nampenda mfanyakazi huyu, na upendeleo nao huja kwa sura ya hisia. Nitapambanuaje kati ya thamani iliyomo ndani ya mtu na mapenzi yangu kwake? Je, niwaulize waliojifunza kwake, bila kuwadokezea ninachotafuta? Na nikishapata uhakika, niuandike vipi kwenye fomu ili mkuu wangu, ambaye hajasoma lolote katika haya, aone ninachokiona? Fomu natakiwa kuirudisha mwisho wa mwezi huu, na sehemu ya maoni bado sijaijaza.

Msomaji wako,
Msimamizi