Miaka yetu ya manowari ihesabiwe kwenye vyeti vya ubaharia

Mhariri,

Magazeti yakiandika habari za wanajeshi wastaafu, mara nyingi huwa ni mojawapo ya mambo mawili: ama wanadai pensheni zao, ama mmoja wao kateuliwa mwenyekiti wa bodi fulani. Sina ugomvi na habari hizo. Anayedai haki yake aachwe adai, na wakubwa wanaoteuliwa wengine wanastahili kabisa. Jenerali Samson Mwathethe, mwana wa Pwani na mwanamaji wa kwanza kuwa Mkuu wa Majeshi mwaka 2015, alipostaafu 2020 alipewa uenyekiti wa bodi ya KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, na sisi tuliopitia kambi ya wanamaji ya Mtongwe tulifurahi naye. Lakini kati ya jenerali anayeketi kwenye bodi na askari anayelinda geti Nyali kuna watu chungu nzima, makapteni na mameja, ambao hakuna anayeuliza waliishia wapi. Mimi ni mmoja wao, na langu leo si pensheni. Ni vyeti vya kuendesha meli za biashara.

Niliingia jeshini mwishoni mwa miaka ya 1980, nikapitia chuo cha kijeshi cha Lanet kama kadeti, kisha nikaletwa Mtongwe, ambako kwangu ni nyumbani hasa: toka lango la kambi hadi kwa mamangu Likoni ni matatu moja tu. Sehemu kubwa ya utumishi wangu niliimaliza majini, nikianzia kwenye zile manowari ndogo za makombora zilizoundwa Uingereza, KNS Nyayo na mwenzake Umoja. Asiyewahi kupanda chombo kama hicho hudhani ni fahari tupu. Kina urefu wa mita 56 hivi, na ukiwa nje ya Lamu wakati wa kusi, hakikuachi usimame wima hata kidogo. Mkono mmoja umeshika chuma, wa pili umeshika kikombe, na chai yenyewe inamwagika kabla haijafika mdomoni. Rada inakuonyesha nukta. Hii ni jahazi la boriti lisilo na taa, ile ni povu la wimbi, na ile nyingine ni meli ya shehena inayokuja kasi kuliko unavyodhani. Afisa wa zamu ndiye anayeamua ipi ni ipi, saa tisa za usiku, kabla hajamwamsha mkuu wa meli. Ukimwamsha bure utachekwa. Usipomwamsha na ilikuwa lazima, hakuna atakayecheka.

Mengine nitayapitia mbio. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka, wakafa watu 272, na kambi yetu ilikuwa pale pale. Ya siku ile sina haja ya kuwaeleza watu wa Likoni na Mtongwe, wanayajua wenyewe. Mwaka 2008 maharamia waliteka MV Faina iliyokuwa ikija Mombasa na vifaru ndani, na kwa miaka kadhaa hatukupumzika. Oktoba 2011 ikaja Linda Nchi, operesheni ya jeshi letu ndani ya Somalia, na Septemba 2012 bandari ya Kismayu ikaingiwa kutoka baharini. Nilikuwamo katika hayo kwa kiasi cha cheo changu, na mengine nilikula kiapo nisiyatie gazetini.

Jeshini kila cheo kina umri wake wa kuondoka. Meja asiyepanda kuwa luteni kanali hutoka mapema, bado ana nguvu na watoto wako sekondari. Zamu yangu ilifika, nikapigiwa gwaride dogo, nikala chakula cha kuagwa na maafisa wenzangu, nikaenda zangu. Nilinunua matatu kama wenzangu wote, na nikaiuza kama wenzangu wote. Kampuni za ulinzi zilinitafuta. Rafiki zangu wawili walipata kazi nzuri zaidi, ya ulinzi wa silaha kwenye meli za biashara zilizopita Bahari Hindi, lakini maharamia walipopungua na kazi zilipungua, na kuanzia tarehe 1 Januari 2023 eneo hili liliondolewa kabisa kwenye orodha ya maeneo ya hatari ya uharamia. Mimi nilichotaka ni kile ninachokijua: kuendesha chombo.

Nikaenda ofisi moja hapa mjini kuulizia cheti, nikiwa na faili langu. Binti aliyenipokea alikuwa na adabu zake, akanivutia kiti, akaniita mzee wangu. Akaniuliza meli nilizofanyia kazi ni za kampuni gani. Nikamwambia za serikali. Akauliza tani zake. Nikamtajia. Akaangalia fomu, akaniangalia mimi, akasema, "Mzee wangu, hizi si tani zinazotakiwa hapa." Alisema kweli. Meli ya biashara hupimwa kwa ujazo wake wa ndani, manowari hupimwa kwa uzito wa maji inayoyasukuma. Mizani mbili tofauti, na fomu ina nafasi ya moja tu. Mwishowe nikaambiwa muda wangu wote wa baharini hauhesabiki, nianze kama kijana aliyetoka kidato cha nne.

Nikaenda kusoma sheria, maana nilikuwa na wakati. Mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia, ule wa 1978 unaoitwa STCW, katika kifungu chake cha tatu unawaacha nje wanaofanya kazi kwenye manowari, kwenye vyombo vya uvuvi, kwenye mashua za starehe, na kwenye vyombo vya mbao vilivyoundwa kwa njia za kale. Kwa hiyo mbele ya mkataba, mimi na nahodha wa jahazi kutoka Lamu tuko fungu moja. Mimi naona ni heshima. Mababu zangu walikuwa wa fungu hilo hilo.

Lakini mkataba kutotuhusu si sawa na serikali kukatazwa kutupima. Uingereza wana njia rasmi ya kumtoa afisa kwenye jeshi la majini na kumfikisha kwenye meli za biashara: muda wake wa bahari unakaguliwa, anachopungukiwa anafundishwa, anakaa mtihani wa mdomo mbele ya manahodha, akifaulu anapewa cheti. Marekani nao wana mpango wao. Sisi tuliochukua kwa Waingereza saluti, sare nyeupe na hata namna ya kupigiana filimbi melini, hili nalo lingetufaa.

Sisemi tupewe vyeti bure. Kuna mengi afisa wa manowari hayajui. Sijawahi kupakia makontena, na kuhesabu uthabiti wa meli iliyorundikwa shehena hadi juu ya sitaha ni elimu inayojitegemea. Nyaraka za mizigo, mikataba ya kukodisha meli, mambo ya bima, hayo yote nifundishwe, na karo nitozwe. Ninachokataa ni kufundishwa ninayoyafundisha.

Na hilo lilinipata. Kozi ya msingi ya baharia ina sehemu nne: kujiokoa majini, kuzima moto, huduma ya kwanza, na usalama na wajibu wa mtu chomboni. Nililipa, nikavaa ovaroli, nikapanga foleni kando ya bwawa la kuogelea pamoja na vijana wa umri wa mwanangu wa mwisho. Mwalimu akatokea. Alikuwa sajini wangu wa zamani, aliyetoka jeshini mapema na kushughulikia karatasi zake mapema. Mambo haya ya kujiokoa majini tulikuwa tukiyafundisha pamoja Mtongwe, yeye akishika filimbi na mimi daftari. Zamu yangu ya kuruka ilipofika, jaketi la kuokolea limefungwa, mkono mmoja puani, alinitazama kwa muda asijue aseme nini, kisha akasema polepole, "Ruka, afande." Vijana wote wakageuka kutafuta afande ni nani. Nikaruka. Jioni tulikunywa kahawa pamoja Mwembe Tayari, akakataa katakata nilipe.

Cheti hicho ninacho. Cha kusimama zamu kwenye daraja, yaani chumba cha kuongozea, la meli ya biashara sina, kwa sababu ili kukipata yanitakiwa muda wa baharini kama kadeti, na meli zenye kupokea makadeti wa Kenya ni chache mno. Vijana wetu waliosoma vizuri wanazunguka na vyeti vya darasani miaka nenda miaka rudi wakitafuta chombo cha kumalizia mafunzo. Mimi mzee nikajipange nyuma yao kugombea kitanda kile kile?

Najua nitakaloambiwa: una pensheni, waachie vijana. Nimeambiwa hata barazani, na mtu ninayemheshimu. Lakini kijana hawezi kufunzwa kusimama zamu usiku na kijana mwenzake. Mkataba wenyewe unataka kadeti awe chini ya afisa mwenye cheti. Kila afisa mstaafu anayetambuliwa ni mwalimu mmoja zaidi kwenye tagboti, kwenye feri, kwenye chombo cha kuchunguza kina cha bahari, na kwa kila mwalimu kuna vijana watakaopata sahihi kwenye kitabu cha mafunzo. Tumehubiriwa uchumi wa buluu tangu ule mkutano mkubwa wa Nairobi wa Novemba 2018, na mwezi huo huo kikosi cha walinzi wa pwani kikazinduliwa hapa Liwatoni. Hotuba tumezisikia. Watu wenye uzoefu wa bahari hii wako Likoni, Changamwe na Mtwapa, wengine wanauza saruji.

Mimi sasa nina shamba la minazi na mihogo huko Matuga. Jumamosi nakutana na vijana wavuvi wa BMU, kikundi cha kusimamia ufuo, nawafundisha kusoma ramani ya bahari, kuhesabu maji ya bamvua na maji mafu kwa jedwali badala ya kukisia (ingawa wazee wao hukisia vizuri kuliko jedwali), na kuita msaada kwa redio kwenye chaneli 16. Hawanilipi pesa. Wananiletea changu na tasi, na siku ya bahati kolekole, na mke wangu anasema hii ndiyo kazi bora niliyowahi kufanya kwa sababu inarudi na kitoweo.

Ninachopendekeza si kigumu. Afisa au fundi mitambo wa jeshi la wanamaji, katika mwaka wake wa mwisho kabla ya kuondoka, apewe barua rasmi yenye kuonyesha meli alizotumikia, muda aliokaa baharini, zamu alizosimama na vipimo vya chombo vikiwa vimegeuzwa kwa mizani ya biashara. Kisha wanaotoa vyeti waeleze kwa maandishi anapungukiwa nini, na asome hicho tu, akiwa bado anapokea mshahara. Barua hii ikifuatwa baada ya kutoka ni shida. Niliporudi kambini kuulizia yangu, getini nilikuta kijana niliyemfunza mwenyewe. Alinipigia saluti safi kabisa, kisha akaniambia nirudi na miadi.

Vitabu vya kumbukumbu za meli vinahifadhiwa, majina yetu yamo, na saa za zamu zimeandikwa kwa mikono yetu. Kwa hiyo ninawaomba wabunge wa Pwani, hasa anayekaa kwenye kamati ya ulinzi, waulize bungeni maswali mawili: tangu mwaka 2010 ni maafisa wangapi wa wanamaji waliostaafu wamepewa vyeti vya kuendesha meli za biashara, na waliokosa walipungukiwa nini? Jibu likitoka, Mhariri, lichapishwe kwenye ukurasa huu huu.

Meja mstaafu, Jeshi la Wanamaji
(jina limehifadhiwa na mhariri)
Timbwani, Likoni, Mombasa