Copernicus hakumvua binadamu ufalme wowote

Ndugu Mhariri,

Nimeisoma kwa makini makala iliyotoka katika ukurasa wenu wa elimu kuhusu mapinduzi ya fikra katika Ulaya ya karne ya 15 na ya 16, zama zinazoitwa Renesansi, na nampongeza mwandishi kwa kuileta falsafa katika gazeti ambalo wengi wetu huanza kulifungua kwenye kurasa za michezo. Hata hivyo, naomba nafasi nipinge dai lake moja, ambalo si lake peke yake kwa sababu limekaririwa hata na wasomi wakubwa: kwamba kabla ya mwaka 1543 binadamu alijiona mfalme aliyeketi katikati ya ulimwengu, na kwamba mwanaastronomia Nicolaus Copernicus, katika kitabu chake kilichochapwa mwaka huo, kwa kuiondoa dunia pale katikati na kuliweka jua, alimvua ufalme huo.

Ingefaa kwanza tuulize hapo katikati palikuwa mahali pa namna gani machoni pa watu wa wakati ule. Katika elimu iliyorithiwa kutoka kwa Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, katikati ndiko vinakoangukia vitu vizito, na dunia ilikuwa huko kwa sababu ya uzito wake tu, wala si kwa heshima yoyote. Juu yake zilipangwa mbingu tabaka kwa tabaka: mwezi, Utaridi, Zuhura, jua, Mirihi, Mshtarii, Zohali, kisha nyota. Kuanzia mwezi kwenda juu hakuna kiozacho wala kifacho. Chini ya mwezi kila kitu huharibika. Mshairi wa Kiitalia Dante, katika utenzi wake mkuu wa mwanzoni mwa karne ya 14, anashuka Jehanamu duara baada ya duara hadi anafika kwenye kitovu cha dunia, ambacho kwa hesabu ile ndicho kitovu cha ulimwengu mzima, na anayemkuta huko amekwama kwenye barafu ni Ibilisi. Kama hicho kilikuwa kiti cha enzi, basi mwenye kukikalia hakuwa binadamu. Zaidi ya miaka 250 baadaye, mwandishi Mfaransa Montaigne naye, katika insha zake zilizochapwa mwaka 1580, alimcheka binadamu anayejivuna ilhali amepangiwa chumba katika ghorofa ya chini kabisa ya ulimwengu, kwenye matope, mbali kuliko wote na kuba la mbingu.

Najua atakayenijibu atamtaja Giovanni Pico della Mirandola, na atakuwa na haki ya kufanya hivyo. Kijana huyu wa Kiitalia, aliyezaliwa mwaka 1463, aliandaa hoja 900 mwishoni mwa mwaka 1486 akitaka zijadiliwe hadharani mjini Roma. Papa Innocent VIII aliuzuia mjadala huo, na tume ikazipata hoja 13 kuwa na kasoro. Hotuba aliyokuwa ameiandika kuufungua mjadala ilichapwa mwaka 1496, yeye akiwa ameshafariki, na baadaye ikaja kujulikana kuwa hotuba ya hadhi ya binadamu. Ndani yake Mungu anamwambia Adamu kwamba amemweka katikati ya ulimwengu. Wanaoishia kwenye maneno hayo hudhani wamepata ushahidi. Lakini sentensi hiyo haiishii hapo: Adamu amewekwa katikati ili aweze kuangaza macho pande zote kwa urahisi na kuona vilivyomo. Pamesifiwa kwa sababu ya kuona, na si kwa sababu ya ukuu. Katika hotuba hiyohiyo, Pico anaiita sehemu hii ya chini ya ulimwengu kuwa ya takataka na uchafu, lugha ambayo mtu haitumii kuelezea ikulu yake.

Tena hoja yake yote inakwenda kinyume na dai la makala yenu. Malaika ana daraja yake na mnyama ana yake, lakini binadamu, kwa Pico, hakupewa makao maalumu wala umbo lililokwisha kukamilika. Ameachiwa hiari ya kuporomoka hadi kwenye unyama au kupanda hadi kwenye hali za kimungu. Hadhi ya namna hiyo haiguswi na ramani ya mbingu. Uihamishe dunia uipeleke unakotaka, hoja ya Pico itabaki ilivyokuwa. (Nasikitika pia kwamba mwandishi wenu hakugusia jinsi hotuba ile inavyoanza: shahidi wa kwanza anayeitwa na Pico ni Mwislamu, Abdala, ambaye Pico anasema amemsoma katika maandiko ya Waarabu, na ambaye alipoulizwa ni kitu gani cha kustaajabisha kuliko vyote ulimwenguni alijibu kuwa ni binadamu.)

Tukija kwa Copernicus mwenyewe, alichofanya, kwa macho ya wakati wake, kilikuwa kuipandisha dunia. Kutoka sakafuni aliichukua akaiweka mbinguni, ikawa sayari miongoni mwa sayari. Galileo, mwanasayansi wa Kiitalia, aliliona hilo na akalifurahia: mwaka 1610, katika kitabu kidogo alichoeleza mambo aliyoyaona kwa darubini, aliahidi kuthibitisha kwamba dunia si shimo la kukusanyia uchafu wa ulimwengu, bali ni nyota itembeayo na inayoushinda mwezi kwa mng'ao. Mwaka huohuo mwanaastronomia wa Kijerumani Kepler alimwandikia Galileo kwamba kiumbe aliyeumbwa kutafakari hakustahili kutulia katikati, bali alipaswa kuzungushwa na chombo hiki kiitwacho dunia ili apate kuzipima mbingu. Kanisa lilipokizuia kitabu cha Copernicus mwaka 1616 hadi kirekebishwe, sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba fundisho la mwendo wa dunia linapingana na Maandiko Matakatifu. Hadhi ya binadamu haikuwa sababu.

Hadithi ya ufalme uliopotea ilikuja baadaye. Mwandishi Mfaransa Fontenelle aliiandika kwa ucheshi mwaka 1686, na Sigmund Freud, mwasisi wa tiba ya kuchambua nafsi, akaipa uzito mwaka 1917 alipoihesabu kuwa pigo la kwanza kati ya matatu dhidi ya majivuno ya binadamu. Dhana yangu ni kwamba Copernicus mwenyewe aliisababisha bila kukusudia. Aliandika kuwa jua limeketi katikati kana kwamba liko kwenye kiti cha kifalme, likizitawala nyota zinazolizunguka. Tangu hapo katikati pakawa mahali pa heshima, na waliokuja nyuma wakaanza kusikitikia kiti ambacho, tulipokuwa tukikikalia sisi, hakikuwa cha enzi.

Kwa kuwa mmeahidi kuendeleza mfululizo huu, nashauri makala ijayo imtangulize Nicholas wa Cusa, mwanafalsafa wa Kijerumani. Mwaka 1440, miaka 103 kabla ya kitabu cha Copernicus, aliandika kwamba ulimwengu hauna kitovu thabiti, kwamba dunia haijatulia, na kwamba huenda nyota nyingine zina wakazi wake. Miaka minane baadaye alifanywa kadinali.

Wenu,
Mwalimu mstaafu,
Tanga