Rashidi, draiva usinunue kwa kuangalia ampea peke yake

Kigamboni, Dar es Salaam

Ndugu yangu Rashidi,

Salaam aleikum. Huku sote wazima, na mama anakusalimu. Picha za fremu ya mashine yako ya CNC, ile ya kuchonga mbao kwa kuongozwa na kompyuta, nimezipata, nikazikodolea macho jioni nzima. Reli za mhimili wa Y umezilaza sawasawa kabisa, na kona zile zimekaa. Hongera sana, kazi imeonekana.

Umeniomba jibu fupi: draiva za TB6600 za bei poa, vile visanduku vinavyopeleka umeme kwenye mota, zinatosha au hazitoshi? Jibu fupi ni kwamba zitazungusha mota zako, ila mimi nisingezifunga kwenye mashine hiyo. Sababu zangu ni hizi, na naomba uzisome kabla hujatuma hela.

Kwanza irudie ile karatasi ya mota. Ni stepa, yaani mota inayozunguka kwa hatua ndogo ndogo. Umeniandikia NEMA 23 (huo ni ukubwa wa uso wake), ampea 2.8 kwa fezi, omu 1.13, milihenri 3.6. Watu wengi wakishasoma ampea wanaishia hapo. Namba ninayoitazama mimi ni ile ya mwisho, milihenri, kwa sababu ndiyo itakayokwambia mashine yako itakimbia kiasi gani kabla nguvu haijaisha. Koili, ule waya uliosokotwa ndani ya mota, haikubali mkondo uingie kwa ghafla. Unapanda kidogo kidogo, na kadiri volti zinavyokuwa nyingi ndivyo unavyopanda haraka.

Chukua kalamu. Skrubu zako ni 1605, kila mzunguko zinasogeza milimita 5. Tuseme unataka mashine iende milimita 3000 kwa dakika. Mota itazunguka mara 10 kwa sekunde. Mzunguko mmoja una hatua kamili 200, kwa hiyo ni hatua 2000 kwa sekunde, na kila hatua inapewa nusu milisekunde tu. Sasa, kwa pawa saplai ya volti 12, mkondo unahitaji kama milisekunde 0.84 kufika ampea 2.8. Muda wa hatua umeshapita, mkondo uko njiani. Kwa volti 24 unahitaji 0.42, unafika kwa kubanana. Kwa volti 36 unahitaji 0.28, na hapo mota inapata kufanya kazi. Halafu jua kwamba mota ikizunguka nayo inazalisha volti zake zinazopingana na zako, kwa hiyo hali ya kazini ni ngumu kuliko hesabu hii.

Hii ndiyo siri ya mashine nyingi unazosikia zikilalamikiwa kwamba hazina nguvu. Mota ni nzima na draiva ni nzima. Ikienda taratibu inakata hata mninga mkavu, ukiongeza kasi inanguruma, inatetemeka, inasimama. Kilichopungua ni volti.

Usiogope kwamba ampea 2.8 kwa omu 1.13 ni kama volti 3 tu, ukadhani volti 36 zitaunguza koili. Draiva hizi zote zinakatakata umeme mara maelfu kwa sekunde ili mkondo usivuke kiwango ulichoweka. Mariss Freimanis, mwanzilishi wa Geckodrive ya Marekani, alieneza kanuni ambayo mafundi wa CNC wanaitumia mpaka leo: chukua kipeuo cha pili cha milihenri, zidisha kwa 32, hiyo ndiyo volti ya juu inayoifaa mota. Kwa mota zako inakuja kama 60. Hatutafika huko, lakini unaona nafasi uliyonayo.

Sasa njoo kwenye draiva zenyewe. Vile vidude vidogo vya kuchomeka juu ya Arduino (kile kibao kinachoongoza mashine), A4988 na DRV8825, viache kabisa kwa mashine hii. A4988 imeandikwa ampea 2, lakini kwenye kibao chake kidogo bila kupozwa vizuri inabeba kama ampea 1. DRV8825 inakaribia 1.5. Mota zako zinataka 2.8. TMC2209 naipenda mno, kimya chake ni cha ajabu, ila ni ya mota ndogo za NEMA 17 na inaishia karibu volti 28. Ukija kumtengenezea mwanao ile mashine ya kuchora kwa kalamu, tutazungumza habari za TMC. Na mtu akikupa TB6560 bure, mshukuru, uiweke kabatini.

Zinabaki mbili: TB6600 na DM542.

TB6600 unayoiona mtandaoni mara nyingi si TB6600. Chipu yenye jina hilo, TB6600HG ya Toshiba, inagawa kila hatua ya mota vipande vidogo, mpaka 1/16 tu. Ukikuta kwenye kava jedwali lenye 1/32, ndani kuna chipu nyingine, kwa kawaida TB67S109 ya Toshiba hiyo hiyo. Siyo chipu mbaya. Ninachokipinga ni lile kasha linaloandikwa ampea 4 na volti 42, wakati kipande cha alumini kilichoshikilia chipu ni kidogo, na mara nyingine hata ile pasta ya kupitisha joto imepakwa upande mmoja. Kwa ampea 2 inaweza kukufanyia kazi miaka. Kwa 2.8, kutwa nzima, kwenye karakana yenye joto, unaisukuma mpaka ukingoni. Halafu jedwali lake la ampea halipandi mbali: 2.8, 3.0, 3.5, basi.

DM542 ni muundo wa Leadshine, na wengi wameuiga. Inakubali volti 20 mpaka 50. Ndani ina kichakataji kidogo kinachopima mota na kulainisha mkondo, ndiyo maana mota ile ile ukiitoa kwenye TB6600 ukaifunga kwenye DM542 inapunguza mngurumo. Muhimu zaidi, kuna eneo la kasi ya kati ambapo stepa hupenda kutetemeka na kupoteza hatua, na draiva ya aina hii inalivuka kwa utulivu zaidi. Wewe unataka kuchonga nakshi za milango, kazi ya kwenda na kurudi, kona baada ya kona, kasi ikipanda na kushuka muda wote. Mashine yako itapita kwenye eneo hilo siku nzima. Bei yake inazidi, najua, na unahitaji nne. Lakini ubao wa mninga ukiharibika saa ya tatu ya kuchonga, umepoteza zaidi ya tofauti ya bei ya draiva moja. Kama hela imebana, chelewesha spindeli kubwa, ile mota ya kuzungusha kisu. Anza na trima ya mkono. Spindeli unaweza kuibadilisha Jumamosi moja, lakini kufumua nyaya za draiva nne ni adha.

Zikifika, tazama ubavuni. Kuna swichi ndogo nane. SW1 mpaka SW3 ni za mkondo, na hapa ndipo watu wengi wanapopotea, maana jedwali lina safu mbili, ya kilele (Peak) na ya wastani (RMS). Ile 4.2 inayotangazwa ni ya kilele. Wastani wake ni 3.0. Mota yako ya 2.8 huhesabiwa kwa wastani, kwa hiyo weka mstari wa 3.76, ambao wastani wake ni 2.69. Mota itakuwa ya moto kiasi cha kutotaka kuishika muda mrefu, na hiyo ni kawaida ya stepa. SW4 iache OFF, ili mota ikisimama mkondo ushuke nusu. SW5 mpaka SW8 ni za mgawanyo wa hatua. Weka 1600, yaani 1/8: mapigo 1600 ya umeme kwa mzunguko mmoja, kila pigo kipande kimoja cha hatua.

Najua utaniuliza kwa nini si 1/32, inaonekana nzuri zaidi. Arduino Uno yenye GRBL, programu inayoongoza mota, inatoa kama mapigo 30,000 kwa sekunde, basi. Kwa 1600 na mizunguko 10 unatumia 16,000, una nafasi. Kwa 3200 unahitaji 32,000, imeshazidi. Kwa 6400 mashine yako itakwama kwenye milimita 1400 kwa dakika, hata ungeipa volti 50. Kwa 1600 unapata mapigo 320 kwa milimita, ndiyo namba ya kuandika kwenye mipangilio ya GRBL, $100, $101 na $102. Mbao haihitaji zaidi ya hapo.

Kwenye kufunga nyaya, unganisha PUL- (mapigo), DIR- (upande) na ENA- (kuwasha na kuzima) kwenye GND, yaani hasi, ya Arduino, halafu ishara zipite PUL+ na DIR+. Wengine hufanya kinyume, wanaunganisha zote za plasi kwenye volti 5. Inafanya kazi, lakini usipogeuza ishara ya mapigo kwenye GRBL, kila mota inapobadili upande unapoteza chembe ya hatua. Hutaiona kwenye mraba mmoja. Utaiona kwenye ua la nakshi lenye mamia ya kona, pale mstari wa mwisho unapokataa kukutana na wa kwanza, halafu utaanza kulaumu skrubu. ENA+ iache wazi, draiva itabaki imewaka muda wote. Kwa mhimili wa Z ni muhimu: skrubu ya mipira haijizuii, mota ikizimwa spindeli inaweza kushuka yenyewe juu ya kazi.

Mhimili wa Y una mota mbili. Kila moja iwe na draiva yake, zote zipokee mapigo kutoka pini moja. Ili moja izunguke kinyume, badilishana A+ na A-, nyaya mbili za koili moja, kwenye mota hiyo tu. Kama hujui nyaya zipi ni za koili moja, gusisha mbili pamoja uzungushe shafti kwa vidole: ikiwa nzito, umepata jozi.

Pawa saplai chukua ya volti 36, wati 350. Usijumlishe 2.8 mara nne ukadhani unahitaji ampea 11.2, draiva zinabadilisha volti nyingi kuwa ampea nyingi za mota, kwa hiyo kinachovutwa kwenye pawa ni kidogo kuliko unavyodhani. Kishawishi cha volti 48 kiepuke. Mota ikipunguza mwendo kwa ghafla inarudisha umeme kwenye draiva, na kutoka 48 mpaka 50 hakuna nafasi ya kupumua.

Jambo moja nakusihi, na mwambie na kijana anayekusaidia: waya wa mota usichomolewe wakati umeme umewaka. Hata sekunde moja. Draiva inaweza kufa hapo hapo, iwe ya bei rahisi au ghali. Kaza skrubu za viungio, kisha vuta kila waya uone kama umeshika, maana mtetemo wa kukata mbao hulegeza. Na sanduku la draiva lifunge, upepo uingie kupitia kitambaa cha chujio. Vumbi la mbao likishajaa kwenye feni, joto linapanda.

Ukishaagiza, nitumie picha ya chipu na ya jedwali la ubavuni kabla hujafunga chochote. Nataka nione safu ya wastani imeandikwa vipi kwenye hizo za kwako, kwa sababu waigaji wengine huiacha. Na niandikie urefu wa kebo kutoka kwenye sanduku mpaka mota ya X, nikutafutie huku Kariakoo kebo yenye kinga ya kutosha, niikabidhi kwenye basi.

Msalimie shemeji na watoto, na mzee ukipita kwake.

Ni mimi nduguyo,
Elia