Kwa akina mama wa Rungwe wenye mabinti bweni

Wanangu,

Nasikia mnapowapa mabinti pedi mnawaambia washukuru, kwani bibi zao hawakuwa na chochote. Wengine mnageuza: "Mbona sisi tuliweza bila pedi?" Maneno yote mawili yananiuma.

Bibi zenu walikuwa na utaratibu wao. Kaniki kuukuu ilichanwa vipande, kikakunjwa kimoja hadi kikanenepa, kikapitishwa katikati ya mapaja na kushikizwa mbele na nyuma kwenye kamba ya kiunoni. Binti akivunja ungo, shangazi au bibi alikaa naye akamwonyesha kwa mikono. Huko Ulaya walitumia matambara vilevile. Pedi za kutupa zilianza kuuzwa mwishoni mwa karne ya 19, zikaenea baada ya Vita Kuu ya Kwanza, maana wauguzi waliona bandeji za majeruhi zinafyonza vizuri. Hata hizo zilifungwa kwa mkanda kiunoni, mpaka za kujibandika zilipokuja karibu na mwaka 1970.

Sasa sikilizeni hili, ndilo kubwa. Mwanamke wa zamani alichelewa kuvunja ungo, akaolewa mapema, akabeba mimba, akanyonyesha mpaka mtoto anakimbia. Kunyonyesha sana huchelewesha hedhi kurudi. Miezi ya damu maishani mwake ilikuwa michache kuliko ya binti yako, ambaye anaingia mwezini kila mwezi huku yuko darasani na wavulana. Usimpime kwa bibi yake.

Miiko nayo ilikuwepo. Mimi nililelewa nikikatazwa kutia chumvi kwenye mboga siku zangu. Mrumi mmoja, Plinio, aliandika katika karne ya kwanza kwamba mwanamke wa hedhi akisogelea divai mpya, inachacha. Mboga haikuharibika, wala divai. Hayo yaacheni.

Ila kuna mwiko mmoja bado mnaulea: kuficha kitambaa. Pedi zikiisha katikati ya muhula, binti anarudi kwenye kitambaa, anakifua usiku na kukitandaza chini ya godoro, na kwa ukungu wetu huu wa Tukuyu hakikauki. Anakivaa kibichi. Muwasho unaanza, naye anaona haya kusema.

Mfundisheni kuloweka kwa maji baridi kwanza, kwa sababu ya moto hugandisha damu kwenye nyuzi. Kisha sabuni, kisha jua, mchana kweupe. Mvua ikikataa kukatika, pasi ya mkaa pande zote mbili mpaka kikauke kabisa. Na akina baba, pedi ziingie kwenye orodha ya vifaa vya shule pamoja na madaftari. Msisubiri mama auze ndizi.

Anayempeleka binti muhula huu ampe pedi anazoweza kununua, vitambaa vya pamba vya akiba, sabuni ya mche na kamba. Halafu amwone matroni wakubaliane kamba hiyo ifungwe upande gani wa bweni wenye jua.

Bibi yenu,
Tukuyu