Wanaouguza wagonjwa wa upasuaji wa moyo waelekezwe kwa Kiswahili

Ndugu Mhariri,

Mwaka jana baba yangu alifanyiwa upasuaji wa moyo. Alipasuliwa kifuani, na mguuni ukachukuliwa mshipa wa kupandikizwa kwenye moyo. Madaktari walifanya kazi kubwa, ninawashukuru. Kinachonifanya niandike ni siku tuliyoruhusiwa: tulikabidhiwa dawa, tarehe ya kliniki na karatasi ya Kiingereza ambayo hapa kwetu Kiboriloni, Moshi, hakuna aliyeielewa yote.

Shangazi aliyekuja kumuuguza alifanya kile alichotufanyia sote tangu utotoni. Alifungua kidonge cha rangi mbili, akanyunyiza unga wake kwenye kidonda cha mguu. Unga uliganda ukawa gamba la njano, nasi tukafurahi tukidhani kidonda kimekauka. Siku ya nne baba akashikwa na homa. Nesi wa zahanati alipolilowesha lile gamba likabanduka, na usaha ukatoka chini yake. Baba ana kisukari, na sukari ikipanda kidonda huchelewa kufunga na vijidudu hupata nafasi.

Simlaumu shangazi hata kidogo. Nani alimwambia kwamba kidonda kile hakitaki unga, asali, majivu wala spiriti? Kwamba mgonjwa akisharuhusiwa kuoga, maji safi na sabuni ya kawaida vinatosha, kisha unakausha taratibu kwa kitambaa safi bila kusugua? Hata kunawa mikono kabla ya kugusa bandeji hatukuambiwa.

Kifua kinanitia hofu zaidi, maana tunachokiona ni ngozi tu. Chini yake mfupa wa kidari umekatwa katikati na kufungwa kwa nyaya, na kwa kawaida huchukua wiki 6 hadi 12 kuunga. Ngozi hutangulia kupona, mgonjwa akajiona mzima. Huku kwetu mwanamume akipata nafuu anawaza kwenda kukata majani ya ng'ombe, mwanamke anashika ndoo. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji, na wagonjwa hawa hukatazwa hata kilo 5. Sisi wenyewe, kwa mapenzi, tulikuwa tukimwinua baba kwa kumshika kwapani, kumbe tunauvuta ule mfupa. Alipaswa kukumbatia mto anapokohoa, na kuinuka kwa nguvu za miguu. Na mfupa ukilia au kuchezacheza anapopumua, kidonda kikiwa chekundu na cha moto, kikitoa usaha, au homa ikipanda, ni kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Ninaziomba hospitali zinazofanya upasuaji huu zimwite ndugu atakayemuuguza mgonjwa, afunge bandeji kwa mikono yake mbele ya nesi walau mara moja kabla ya kuruhusiwa. Apewe ukurasa mmoja wa Kiswahili na namba ya simu inayopokelewa. Zahanati ya nyumbani nayo iandikiwe barua. Nesi wetu alibaki kutuuliza sisi baba amefanyiwa nini.

Binti wa jirani yetu anasubiri kupasuliwa valvu ya moyo, yaani kilango kinachopitisha damu. Juzi nilimwandikia mama yake haya yote kwa mkono kwenye karatasi ya daftari, naye ameibandika ukutani, juu ya kitanda atakacholala mtoto.

Msomaji wako,
Kiboriloni, Moshi