Creedence si nyimbo 20 tu

Mhariri,

Nilifurahi toleo lililopita mlipowakumbuka Creedence Clearwater Revival, bendi ya roki ya Marekani, lakini ushauri uliofunga makala yenu umenikwaza. Mwandishi anasema kijana anayetaka kuijua bendi hiyo atafute Chronicle, ule mkusanyiko wa nyimbo 20 wa mwaka 1976, na hapo atakuwa amemaliza. Hajamaliza. Mimi mwenyewe nilikaa na mkusanyiko huo miaka mingi nikiamini nawajua watu hawa, mpaka siku nilipoisikiliza Willy and the Poor Boys kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Albamu hiyo ilitoka mwishoni mwa 1969. Ilikuwa ya tatu ndani ya mwaka huo mmoja, baada ya Bayou Country ya Januari na Green River ya Agosti. Kwenye jalada wamesimama mtaani Oakland, California, mbele ya duka, wakiwapigia watoto muziki. Wimbo wa kwanza unasimulia hayohayo: bendi ya kona ya mtaa isiyomdai mtu kiingilio. Baadaye unakuja wimbo wa Lead Belly, mwimbaji mkongwe wa Marekani, wa mashamba ya pamba, kisha kipande cha harmonika kisicho na maneno, ambacho hakikatiki bali kinamezwa na wimbo unaofuata. Ukigeuza santuri unapokewa na Fortunate Son, hasira ya mtu wa chini anayepelekwa vitani huku wana wa wakubwa wakibaki nyumbani. Na mwisho kabisa kuna Effigy, zaidi ya dakika sita. Moto unawaka kwenye uwanja wa ikulu, unasambaa hadi mashambani, na gitaa la John Fogerty, mwimbaji na mtunzi mkuu wa bendi, linalia polepole kama mtu aliyekwisha kata tamaa. Fogerty ameeleza kuwa aliutunga baada ya Rais Nixon kuwapuuza waandamanaji waliopinga vita vya Vietnam.

Albamu inaanza na watoto wakicheza mtaani, inaishia kwenye moto. Sasa tazameni Chronicle ilichobeba: wimbo wa kona upo, Fortunate Son upo, moto haupo. Yale masikitiko yaliyokuwa yakijengwa wimbo baada ya wimbo yamepotea, na msikilizaji hana hata namna ya kujua kwamba yalikuwepo.

Si hapo tu. Suzie Q, ambao kwenye albamu ya kwanza ya 1968 unapita dakika nane, umekatwa karibu nusu. Ramble Tamble, dakika saba zinazofungua albamu ya Cosmo's Factory ya 1970 na kwangu mimi ndicho kilele cha kazi yao yote, haumo. Born on the Bayou nao haumo, kwa kuwa ulitoka kama upande wa pili wa singo, ile santuri ndogo ya nyimbo mbili. Niwape haki yao: I Heard It Through the Grapevine wameuacha mzima, dakika zake 11. Lakini mkusanyiko huu ulitolewa na kampuni ya Fantasy miaka minne baada ya bendi kuvunjika, na umefuata singo zilizouzika. Bendi yenyewe ilikuwa imekwisha panga nyimbo zake, albamu kwa albamu.

Sisemi kila walichorekodi ni dhahabu. Mardi Gras ya 1972, iliyotengenezwa baada ya Tom Fogerty, kaka yake John, kuondoka, ni dhaifu, na kuisikiliza inauma. Hata hivyo, ndimo unamosikia jinsi watu waliokuwa pamoja tangu shuleni walivyoshindwa kuendelea.

Naomba mchapishe orodha ya albamu zote saba kwa mfuatano wa miaka, kuanzia 1968 hadi 1972. Na kijana mwenye nafasi ya albamu moja tu jioni ya leo aanze na Willy and the Poor Boys, asiruke wimbo hata mmoja.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Tanga